Hakusema Mufyala

12 Novemba

Mvua ya kwanza imenyesha mchana huu. Nilikuwa nimeanika kapenta, samaki wangu wadogo wa kuuza, mbele ya nyumba na sikuwahi kuwaingiza wote. Waliolowa nimewatenga kando. Mdogo wangu Liévin alikuwa na tabia ya kutoka na kusimama katika mvua ya kwanza ya mwaka, shati mwilini, na kuniita mimi dada mkubwa, "Yaya, leta sabuni, leo maji ni ya bure!" Mwaka huu hakuna aliyetoka.

Liévin alikufa Agosti. Aliyempiga ni Chishimba, mtoto wa shangazi yetu. Wiki ijayo kesi inaanza. Nilisoma mpaka mwaka wa nne wa sekondari, kuandika naweza, na hapa nyumbani hakuna ninayeweza kuzungumza naye habari hizi bila mmoja wetu kulia. Basi nitaandika.

14 Novemba

Mvua. Wateja wachache.

19 Novemba

Tumetoka mahakamani. Nilikaa kati ya Baba na Abigaël, mjane wa Liévin. Chishimba aliletwa na askari wawili. Amekonda, shati limekuwa pana mabegani. Sikutaka kumtazama, lakini nilimtazama, na nilimchukia hata masikio yake.

Mwendesha mashtaka alieleza kwa Kifaransa, mkalimani akafuata kwa Kiswahili. Shangazi Albertine, mama yake Chishimba, alikufa kwa ugonjwa. Kilio kilikuwa nyumbani kwake, hapahapa Naviundu. Wanawake walikuwa wanasonga bukari, ugali wa waombolezaji, chini ya turubai. Liévin alimwendea Chishimba, akamwambia neno. Chishimba alinyakua mwiko mkubwa wa bukari kutoka kwa mwanamke mmoja, akampiga Liévin kichwani mara moja. Liévin akaanguka juu ya mawe ya jiko. Hospitali hakuamka tena.

Mwanamke huyo ni mimi. Mwiko ulikuwa mikononi mwangu.

Kisha alisimama wakili wa Chishimba, Maître Mardochée, kijana mrefu anayefuta miwani yake kila mara. Alisema mteja wake hakatai kwamba alipiga. Anaomba jambo moja tu, uchokozi. Mtu aliyechokozwa vikali akapiga palepale, kabla damu haijapoa, kosa lake hubaki kosa, lakini adhabu yake isiwe sawa na ya mtu aliyekusudia. Na uchokozi wenyewe ni maneno haya: "Ulimukula mama yako."

Mkalimani aligeuza kwa Kifaransa neno kwa neno, ikawa kwamba Chishimba amemla mama yake kwa meno. Karani aliinua kichwa. Ilibidi wakili aeleze kwamba kwetu kumla mtu ni kumuua kwa uchawi.

"Ni mtoto gani," akasema, "mama yake amelala kwenye jeneza, atasikia neno hilo na kukaa kimya?"

Baba alisimama bila kupewa ruhusa. "Ule ni mufyala wake! Mufyala hatukanake mufyala!"

Hakimu alimwambia aketi. Kesi imeahirishwa.

22 Novemba

Hakimu ni mgeni katika mkoa huu, na wazazi wa Maître Mardochée walitoka Kasai. Hawajui mufyala ni nini. Kwetu, watu wa upande wa Mokambo, mtoto wa shangazi yako au wa mjomba wako ni mufyala wako. Unaweza kumtukana mbele ya watu, kumnyang'anya nyama mdomoni, kumwita mchawi, naye hana ruhusa ya kukasirika. Kwenye kilio ndiyo zaidi. Mufyala ndiye anayeingia kaburini kabla ya jeneza, akalala humo na kusema hatoki mpaka apewe bia. Watu wanacheka huku machozi yanawatoka, na mzigo unapungua kidogo.

Liévin na Chishimba walikuwa hodari kuliko wote. Siku ya harusi ya Liévin, Chishimba alimzunguka mara mbili akimkagua.

"Mufyala, hii suti uliazima kwa marehemu gani? Bado anaitafuta."

"Kwa baba yako, mufyala. Alisema weye hauna mabega ya kuivaa."

Abigaël, ambaye kwao hawana desturi hiyo, alilia akidhani ugomvi umeanza siku ya ndoa yake. Tulimbembeleza jioni nzima.

Baba anasema kwa sababu hiyo uchokozi haupo. Neno la mufyala si tusi, na asiye na tusi hana uchokozi. Chishimba alimuua mtu aliyekuwa anamtania kama desturi inavyotaka. Niliona Baba anasema kweli.

3 Desemba

Mashahidi wamesikilizwa, majirani wawili na mwanakwaya mmoja. Wote wamesema maneno yaleyale, na karani akayasoma kwa sauti baada ya kila mmoja: "Mufyala, ulimukula mama yako." Aliposoma kwa shahidi wa mwisho nilianza kuyarudia kwa midomo, nikakwama kwenye neno la kwanza.

Hakusema mufyala.

4 Desemba

Sikwenda sokoni. Nimekaa nikijaribu kumsikia Liévin tena.

Nilikuwa nasonga, moshi unaniingia machoni. Alitoka mlangoni mwa chumba alimolazwa Shangazi, akapita nyuma yangu. Nilijua ni yeye kwa namna alivyokuwa anaburuta kisigino cha kushoto. Kila alipotaka kumtania Chishimba alianza na "mufyala", akiivuta ile "a" ya mwisho, na watu walikuwa wanaanza kucheka kabla hajasema lolote. Siku ile alisema kwa sauti ya chini, "Chishimba." Halafu, "Chishimba, ulimukula mama yako." Hakuna aliyecheka.

Mashahidi si waongo. Wamemsikia akianza na neno hilo miaka yote, na masikio yao yameliweka mahali pake.

Najua pia kwa nini alikasirika. Mama yetu alikufa Liévin akiwa mdogo, na Shangazi Albertine ndiye aliyemlea, akimpa ukoko wa chini ya sufuria kabla ya watoto wengine kuuona. Alipougua, Liévin alimpigia Chishimba simu kila siku: mpeleke hospitali. Chishimba alijibu kesho, kesho. Liévin hakumsamehe zile kesho.

Kama alikuwa anatania, Chishimba atafungwa miaka mingi na hakuna wa kumwonea huruma. Kama hakuwa anatania, alimtukana mtu tusi baya kuliko yote mbele ya maiti ya mama yake, na wakili yule anasema kweli. Mahakama nzima inazunguka neno moja, na hakuna anayejua kwamba halikuwepo ila mimi. Labda na Chishimba.

11 Desemba

Mto Naviundu umefurika. Maji yameingia kwa jirani, tumebeba vitanda.

15 Desemba

Nimemwambia Abigaël. Alikuwa anasuka nywele za binti yao.

"Abi, siku ile Liévin hakusema mufyala."

"Alisema."

"Alisema Chishimba. Alimuita jina."

Hakuacha kusuka. Alimaliza mstari mmoja, akamtuma mtoto nje.

"Yaya, unataka huyu mutoto akomale akisikia baba yake alikufa juu ya kutukana bantu ku kilio? Mi nitamuambia alikufa akicheka na ndugu yake. Niko na kitu gani ingine ya kumuambia?"

"Sijasema nitaenda kusema ku tribunali."

"Basi usiende. Ukienda, Chishimba atatoka haraka, atanikuta ku soko akinunua pilipili kama bantu bote. Na Liévin yeye atatoka lini?"

Yeye aliyelia siku ya harusi kwa kutoelewa utani wetu, sasa ndiye anayeushika kuliko sisi wenyewe.

25 Desemba

Misa. Kuku mmoja. Baba alisahau, akamwekea Liévin paja.

9 Januari

Hakimu mgonjwa. Kesi imeahirishwa.

16 Januari

Maître Mardochée alikuja kwenye meza yangu sokoni, viatu vyake vya Golf, mtaa wa matajiri, vimejaa matope ya Naviundu. Aliinama juu ya kapenta.

"Mama Edith, hizi samaki ziko na macho yote. Zinaniangalia."

"Zinajua weye uko avoka wa Chishimba."

Alicheka kweli, si cheko la heshima. Akanunua kiasi kikubwa kuliko anachoweza kula mtu mmoja, kisha akabaki amesimama.

"Sikuji kukudanganya, mama. Weye ulikuwa karibu naye kupita bote. Juu ya nini jina yako haiko ku mashahidi?"

"Polisi bananiuliza mambo ya mwiko tu. Namna alinyakua. Basi."

"Nikikuita, utakuya?"

"Mi niko wa upande ya marehemu."

"Weye uko wa pande zote mbili. Shida njo ile." Alifuta miwani, akaondoka akirukaruka madimbwi kama kuku.

17 Januari

Mvua tangu asubuhi.

2 Februari

Nimekumbuka kitu. Juni, nilipokwenda kumwona Shangazi, Chishimba alikuwa anambeba mgongoni kumpeleka msalani. Shangazi alikuwa amemshika masikio kama usukani wa gari, akisema, "Kata ku kona, dereva, kata!" Na Chishimba akawa anapiga honi kwa mdomo. Masikio yaleyale niliyoyachukia Novemba.

Nimekumbuka na jambo la pili, ambalo sikutaka. Liévin alikuwa na ulimi mkali akikasirika. Alijua mahali penye kidonda na hapo ndipo alipoweka kidole. Kisha alijuta, akaja na mkate, bila kuomba msamaha. Tangu Agosti hatumsemi hivyo. Tumemfanya mpole, mcheshi, mtu wa kwenye picha ya mazishi. Mtu huyo simkumbuki. Ninayemkumbuka ni yule wa mkate.

20 Februari

Baba alikuwa ameketi barazani akitengeneza redio. Alifanya kazi ya reli maisha yake yote, na mikono yake haijui kukaa bure. Nilimuuliza kama jambo la kawaida.

"Baba, na kama mufyala hataniake? Kama siku moja amekasirika kweli?"

"Mufyala anatania hata akikasirika. Njo kazi yake."

"Na kama akimuita mwenzake jina?"

Aliweka bisibisi chini. Alinitazama, nikaona ameelewa, na kwamba hakutaka kuelewa.

"Edith. Siku ile weye ulikuwa unasonga bukari. Bukari njo ulikuwa unaangalia."

"Ndiyo, Baba."

"Nilizika dada yangu, nikazika mwanangu, na mwiwa wangu, mutoto wa dada yule, njo aliniua mwanangu. Sina kitu ingine ya kutoa."

Alichukua bisibisi yake. Redio haikusema kitu.

24 Februari

Mwito umefika. Wakili ameniita.

28 Februari

Paroko anasema nisali. Nimesali. Namsikia Liévin akisema jina lile, kwa sauti ile ya chini. Ni neno lake la mwisho kwangu pia, maana baada ya hapo hakusema na mtu. Nikikubali kwamba alisema lingine, nitakuwa nimechukua neno la mwisho la ndugu yangu na kuweka la majirani. Sijui kama hili ni wazo zuri au kiburi. Ndilo lililobaki kila ninapoondoa mengine yote.

5 Machi

Nimesema.

Hakimu alieleza kwamba sitaapishwa, kwa sababu mimi ni ndugu wa marehemu na ni ndugu wa mshtakiwa, lakini maneno yangu yatapimwa. Nilisimama mahali palipochorwa kwenye sakafu. Mvua ilikuwa inapiga bati hata hakimu akawa anarudia maswali kwa sauti kubwa.

"Ulisikia marehemu akisema nini?"

"Alisema, 'Chishimba, ulimukula mama yako.'"

"Mashahidi wengine wanasema alianza na 'mufyala'."

"Hakusema mufyala, Mheshimiwa. Alisema Chishimba."

Nyuma yangu benchi lililia. Nilijua ni Baba amesimama au ameketi.

"Tofauti ni nini?"

Nilieleza kama nilivyoweza. Kwamba kwetu neno hilo ni kama kubisha hodi. Ukilisema kwanza, kila kinachofuata ni mchezo, hata kikiwa kizito. Usipolisema umeingia kama mtu mwingine yeyote, na maneno yako yanapimwa kama ya mtu mwingine yeyote. Nilieleza habari za zile simu na zile kesho. Nilisema ndugu yangu alimpenda Shangazi kuliko sisi sote, na siku ile alitaka kumuumiza mtu. Nilisema hakustahili kufa kwa hilo. Hayo hakuna aliyeniuliza, lakini hakimu aliniacha nimalize.

Maître Mardochée alikuwa ameanza kusimama, uso wake umefunguka, ndipo Chishimba alipoinuka kabla yake.

"Hapana, Mheshimiwa. Yaya anakosea."

Wakili alimvuta shati. "Kaa."

"Alisema mufyala. Mi nilisikia. Alikuwa anacheza na mi."

"Chishimba, unaelewa unasema nini? Unajiharibia kesi!"

"Liévin haweze kuniambia vile kweli. Alikuwa anacheza."

Hakimu aliinama mbele. "Kama alikuwa anatania, kwa nini ulimpiga?"

Chishimba alitazama mikono yake, akaigeuza. "Sijue. Nilikuwa nimechoka."

Akaketi. Wakili wake alifunga macho. Nilikuwa bado nimesimama pale palipochorwa, na nikaelewa alichokuwa anafanya. Mwanamume yule alikuwa tayari kuongeza miaka gerezani ili tu Liévin awe alitania. Kama hakutania, basi alikufa akiamini kwamba Chishimba alimuua mama yake, na hakuna adhabu ya hakimu yeyote inayoweza kumaliza hilo. Nilikuja nikidhani namletea nafuu.

Nje, chini ya ukingo wa paa, Baba alinisubiri. Hakupaza sauti.

"Umemutosha Liévin mu bufyala," akasema, yaani nimemwondoa katika utani wa undugu wetu. Akaingia mvuani bila mwavuli.

6 Machi

Baba hakula nilichopika.

14 Machi

Abigaël amehamia kwa mama yake Likasi na mtoto. Hakuaga. Sufuria yangu aliyokuwa ameazima ameiacha mlangoni, imesuguliwa mpaka inang'aa.

15 Machi

Sijauza kitu. Sikumbuki kama kuna mtu aliyeuliza bei.

23 Machi

Mvua ndogo. Mahindi ya uani yamekauka mashuke. Baba ameniambia "pisha", nikapisha. Ni neno la kwanza.

2 Aprili

Hukumu. Ilisomwa haraka, nikashika hapa na pale. Mahakama imesema mshtakiwa ana haki ya kukosea hata dhidi ya nafsi yake, na kwamba maneno ya ndugu wa marehemu, yasiyo na faida kwake, yanaaminika. Uchokozi umekubaliwa. Miaka mitano. Mwendesha mashtaka alikuwa ameomba ishirini.

Maître Mardochée alimshika Chishimba mkono akautikisa. Mkono ule ulikwenda juu na chini kama si wa mtu. Alipopita karibu yangu na askari, Chishimba alisimama.

"Yaya, uliapa?"

"Hawakuniapisha."

"Ah," akasema, kama mtu aliyepata pa kushikilia. Wakamchukua.

8 Aprili

Jua siku nzima. Nimeanika kapenta, hakuna aliyelowa.

Lile "ah" linanisumbua. Nimemwacha anadhani nilisema kwa kuwa sikuapa.

13 Aprili

Nimekwenda gereza la Kasapa. Nilibeba bukari na kapenta wa nyanya ndani ya bakuli, nikangoja na wanawake wengine wenye mabakuli. Hakuna aliyeuliza mwenziwe anamletea nani.

Chishimba aliketi mbele yangu kwenye benchi. Hakugusa chakula. Tulizungumza kuhusu mvua kuisha, kuhusu paa la nyumba ya Shangazi. Kisha akasema, bila kunitazama:

"Yaya, sasa hatuko mbele ya hakimu. Aliniita jina?"

"Alikuita jina."

"Hakuvuta ile mufyala yake?"

"Hakuvuta."

"Hakucheka hata ku macho?"

Ningeweza kusema kulikuwa na moshi. Kulikuwa na moshi kweli. "Hakucheka, Chishimba."

Aliinamisha kichwa, nikadhani atainuka aondoke. Mlinzi alipita, akarudi. Halafu Chishimba aliweka mikono yote miwili juu ya magoti, kama watu wanavyokaa wakiitwa na wazee wa ukoo kujieleza.

"Basi nimujibu," akasema. "Alisema kweli, inafaa nimujibu kweli. Liévin, sikia."

Nilikaa wima.

"Homa ilianza siku ya Mungu. Nilimuambia mama, twende hospitali. Alikataa. Alisema mara ya kwanza banamulaza karibu na muntu mwenye alikufa, mpaka asubuhi, alikuwa anamuangalia. Alisema, Chishimba, nikufe ku kitanda yangu. Weye ulikuwa unapiga simu, mi naogopa kukuambia vile, nasema kesho. Nilijua ungekuya kumubeba kwa nguvu. Labda ungemubeba, angepona. Sijue. Siku ya mwisho nilienda kutafuta taxi mwenyewe, hakuniruhusu, nilienda tu. Nilirudia na taxi, alikuwa ameisha kupoa. Chofere wa taxi alitosha kofia ku kichwa. Sikumukula, Liévin. Nilimusikiliza. Kosa yangu njo ile, nilimusikiliza."

Akaniangalia usoni, akingoja. Nilijua si mimi aliyekuwa anamngoja. Liévin angebisha. Angeuliza kwa nini hukuniambia, angepiga benchi kwa kiganja, angeondoka na kesho yake angerudi na mkate. Sikuwa na maneno yake, na sikutaka kumtungia mengine.

"Nimesikia," nikasema.